Hatujahama, Tuko Manyatta

Jana jioni binti yangu alinijia na karatasi ya shule mkononi, kalamu nyuma ya sikio kama fundi wa mbao. Yuko Gredi 5, na mnajua kazi za nyumbani za siku hizi zinavyozungusha mtaa mzima: juzi zilikuwa chupa za plastiki, kabla ya hapo mbegu za mboga za kienyeji, sasa ni kuhoji watu wazima watano kuhusu simu na intaneti. Mimi nilikuwa wa nne. Tulimalizana vizuri. Wa tano akawa mama yangu, aliyekuwa ameketi papo hapo mlangoni na ungo wa omena mapajani.

"Dani, wewe hutumia intaneti?"

"Mimi? La."

"Na wale wahubiri unaowatazama kila usiku?"

"Hao wako kwa simu."

Binti akaitazama karatasi. Ilikuwa na kisanduku cha Ndiyo na kisanduku cha La, basi. Akanigeukia. "Baba, Dani namweka wapi?"

Nilicheka mpaka Dani akaacha kuchambua omena akauliza ni nani huyo anayechekwa. Sikumjibu. Nilikuwa nimesharudi Kondele, hapa Kisumu, mwaka 2014, ndani ya saiba ya Mama Saiba, duka lake la kompyuta na intaneti, na stima imepotea.

Mnaikumbuka ile hojaji ya tovuti yetu, ya kuwahesabu wanaocheza gemu kwenye Linux, ule mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta badala ya Windows. Maswali 19, niliyoyaandika usiku mmoja bila kunyanyuka, jamaa wa Bungoma akisahihisha ngeli na yule wa Nakuru akiuliza kwa nini tovuti yetu isiandike kwa Kiingereza kama tovuti za watu wa maana. Tulikuwa na haraka. Steam, duka la gemu la kampuni ya Valve, ilikuwa imefika kwenye Linux Februari 2013, na Septemba mwaka huohuo Gabe Newell wa Valve akasimama mkutanoni New Orleans akatangaza kwamba kesho ya gemu ni Linux. Sisi tuliisoma habari hiyo kama waraka kwa Wakorintho. Tukaona zamu yetu imefika, na kilichobaki ni kujihesabu tu, ili siku watu wakubwa wakiuliza wachezaji wa Linux wako wangapi huku kwetu, tuwe na jibu mfukoni.

Majibu ya mtandaoni yalikuja, lakini kwa sauti ninazozijua. Huyu nilimtambua kwa anavyoitukana Unity, ile sura ya Linux ya Ubuntu, yule kwa anavyoandika jina la Linux yake, "Arch", hata mahali ambapo hajaulizwa. Mmoja alijibu mara mbili, mara ya pili kwa kompyuta ya mkewe, ili Debian, Linux anayoishabikia, isiaibike. Nikaona hivi sasa tunajihesabu vidole vyetu wenyewe. Nikachapisha nakala arobaini, nikazitia kwenye bahasha ya kaki, na Jumamosi moja nikaelekea Kondele.

Kwa nini kwa Mama Saiba? Kwa sababu mashine zake sita nilizitia Linux mimi mwenyewe. Microsoft ilikuwa imeacha kuihudumia XP tarehe 8 Aprili mwaka ule, lakini tuseme ukweli, XP ya pale ilikuwa imekufa zamani kwa ule ugonjwa wa flashi, ule uliogeuza mafaili ya watu yote yakawa njia za mkato. Mtu analeta barua ya kuomba kazi, anaondoka na virusi. Nilipomweleza Mama Saiba kuhusu Lubuntu, aina mojawapo ya Linux, kwamba ni nyepesi, haina virusi hivyo, na ni bure, alisikiliza mpaka mwisho, akatazama yule pengwini kwenye skrini yangu, akasema: "Nyathina, watoto wakihamia kwa jirani kwa sababu hakuna gemu, huyu ndege nitamkaanga na sukuma?"

Kwa hiyo gemu zikawa ndilo sharti. Nikaweka SuperTuxKart, gemu ya mbio za magari, kwenye mashine zote na Frozen Bubble kwa wadogo. Kwenye mbili zilizokuwa na afya nikaibembeleza Vice City, gemu ya Windows, kwa Wine, programu ya kufungulia vitu vya Windows ndani ya Linux, mpaka ikakubali kufunguka, sauti ikikatakata kama redio ya matatu. Watoto hawakuhama. Shilingi kumi, dakika kumi.

Jumamosi ile, basi, kama saa kumi na moja jioni, wingu la kutoka ziwani likafunga, mvua ikaangukia mabati, na kabla sijafungua bahasha, paa! Giza. Feni zikashuka pumzi moja moja. Ile kelele ya watoto wa gemu, mnaijua, ikakatika, kisha ikarudi kama lalamiko: Mama, zilikuwa zimebaki dakika nne! Mama Saiba akatangaza kwamba dakika za kila mtu anazo kichwani na asijaribiwe.

Mimi nikaona neema. Wahojiwa wanane, wamefungiwa na mvua, hawana la kufanya. Nikagawa karatasi na kalamu, nikawasha tochi ya kabambe, simu yangu ndogo ya vitufe.

Nilikaa karibu na mmoja wa miaka kumi au kumi na moja, sweta ya shule imetoboka kiwiko, kwenye mashine ya mwisho ukutani. Akaniuliza kwanza, "Fundi, nikikosa utachapa?" Nikamwambia hakuna kukosa, ni maoni tu. Akaikubali hiyo nusunusu. Aliandika polepole, ulimi nje, akikandamiza kalamu mpaka karatasi ikawa na mabonde upande wa pili. Nilikuwa nikimmulikia na kujifanya sisomi.

Swali la 3: Ulihama Windows mwaka gani, na kwa nini?

Akafikiri. Akaandika, akinitajia mtaa wao: *Hatujahama. Tuko Manyatta.*

Swali la 4: Linux yako ni ipi? Ubuntu, Fedora, Debian, Mint, nyingine (taja).

Akaruka zote nne akaenda kwenye mstari wa nyingine: *Ya Mama Saiba.*

Swali la 7: Una kadi gani ya michoro?

*Sina kadi. Nalipa kumi.*

Hapo nikashindwa, nikamwuliza kama anajua Linux ni nini. Akanitazama kwa adabu, kama mtu anayemtazama mgeni aliyepotea njia. "Ni gemu? Iko hapa?"

"Ndiyo hii uliyokuwa unachezea."

Akaigeukia skrini. Ilikuwa moja ya zile za kisogo, imezima, na ndani yake tulionekana wawili na tochi yetu. "Hii?" akasema. "Hii ni ya pengwini."

Nikaanza hotuba. Nikamweleza kwamba huyo pengwini anaitwa Tux, amechorwa mwaka 1996 na Larry Ewing, na kwamba si dereva wa gari tu bali ni alama ya kitu kikubwa zaidi. Alivumilia. Nilipotua akaniambia jambo aliloona lina maana kuliko hilo: kwamba anazijua kona zote za uwanja wa mnara wa taa, na kwamba Vice City ikigandana haiti Mama, anaitoa mwenyewe.

"Unaitoaje?"

"Naandika kilali."

Sikuelewa. Akaona sijaelewa. Akanyoosha kidole, na kwenye vumbi la mgongo wa ile skrini akaandika herufi moja moja, bila kusitasita: *killall*. "Unafungua ile nyeusi, unaandika hii, unaacha nafasi, unaandika jina la gemu. Inakufa." Hakuna aliyemfundisha. Alikuwa amesimama nyuma yangu siku moja nikihangaika.

Nimeiona tovuti yetu ikiwa na makala tatu za kueleza amri hiyo. Wasomaji walituandikia kulalamika kwamba ni ngumu.

Stima ilirudi kama baada ya nusu saa, feni zikakohoa, na wahojiwa wangu wakatupa kalamu wote kwa pamoja, hata aliyekuwa katikati ya neno. Nikaokota karatasi zangu.

Yaliyobaki ni mafupi na si mazuri. Usiku ule nilikaa na jedwali langu. Tulikuwa tumejiwekea sheria, na mimi ndiye niliyeipendekeza: karatasi yenye majibu matatu yasiyoeleweka haihesabiwi. Juu ya ukurasa wa kwanza tulikuwa tumeandika kwa herufi nene, *Kwa watumiaji wa Linux pekee*. Nikampigia jamaa wa Bungoma. Nikamsomea ile ya Manyatta, akacheka mpaka akakohoa, akaniomba nimsomee tena. Kisha akasema, lakini hiyo si data, bwana. Nikasema kweli, si data. Zote nane nikaziandikia neno moja pembeni: Batili.

Kisumu hii. Mji ambao hata mtoto mchanga ana maoni kuhusu hesabu ya kura na karatasi zilizoharibika, na mimi nikawa ndiye afisa ninayetupa.

Matokeo tuliyatangaza, mkashangilia, nami nikashangilia. Karibu kila mhojiwa alikuwa akitumia Linux kila siku! Ni kama kusimama mlangoni mwa kanisa na kuuliza wanaotoka kama wameokoka. Wala hakuna aliyeuliza ni wapi hasa hapa mjini watu walikuwa wakicheza kwenye Linux kuanzia asubuhi hadi saa mbili usiku, mashine sita, foleni mpaka nje. Mahali hapo kwenye jedwali letu palikuwa sifuri.

Nimejitetea mara nyingi. Nilikuwa na miaka 24. Hata Valve wenyewe, na utafiti wao wa kila mwezi, wanahesabu tu wanaowafikia na wanaokubali kujibu. Na swali nalo si jepesi: unamhesabuje mtu kwa jina ambalo yeye mwenyewe hajitambui nalo? Valve walipotoa Proton, ya kuendeshea gemu za Windows ndani ya Linux, mwaka 2018, kisha Steam Deck, mashine yao ya gemu ya mkononi, mwaka 2022, dunia ikajaa watu wazima wanaocheza juu ya Linux bila kuijua wala kuijali, na safari hii hakuna aliyewaita batili, waliandikwa ushindi. Mimi nilikuwa nao wanane wa aina hiyo, kwenye benchi moja, miaka minane mapema. Sasa sijui hilo lanifanya nabii au mzembe. Siku nyingine naegemea huku, siku nyingine kule.

Saiba ilifungwa, siku hizi pale ni kinyozi. Yule kijana sikumwuliza jina, maana hojaji ilikuwa ya siri, tulijivunia hilo. Nikipita kwa vijana wanaotengeneza simu pale Kondele huwa nawatazama vidole, jambo la kijinga, kwa sababu jioni ile nilichokiona vizuri ni vidole tu na lile tundu la sweta. Karatasi yake ninayo. Imehama nami nyumba tatu, na hapo kwenye swali la 7 ina doa la mafuta ya mandazi ambalo limeanza kuila ile kumi.

"Baba!" binti akanigutusha. "Namweka wapi?"

Nikamwambia amwandikie La, maana ndivyo alivyosema mwenyewe. Hajagusa kisanduku, nikamwambia hapana, weka Ndiyo. Kisha nikamwambia kesho amwulize mwalimu.

"Mnaniandika nini hapo?" Dani akauliza, bila kuinua macho kwenye ungo.

Binti akaifunika karatasi kwa kiganja.