Jedwali lililo nyuma ya mkataba

Mkataba wa biashara huru wa kikanda ukitiwa saini, mimi huuanza kutoka nyuma, kwenye jedwali la ushuru, kwa kuwa ndiko zilikofichwa bidhaa ambazo serikali hazikuwa tayari kuzifungulia soko. Tunaziita bidhaa nyeti au zilizosamehewa, ingawa neno msamaha hapa linapotosha kidogo: anayesamehewa si mwagizaji anayeepushwa na ushuru, bali ni mzalishaji wa ndani anayeepushwa na ushindani.

Mlango wenyewe uliachwa wazi zamani. Kifungu cha XXIV cha GATT, makubaliano ya kimataifa ya ushuru na biashara ya mwaka 1947, kinazitaka nchi zinazounda eneo huru ziondoe ushuru kwa takriban biashara yote baina yao, lakini hakisemi takriban hiyo ni kiasi gani. Mercosur, jumuiya ya kibiashara ya Amerika Kusini, iliundwa mwaka 1991 na hadi leo sukari imebaki nje ya biashara yake huru.

Mchumi Mancur Olson alieleza mwaka 1965 kwa nini wachache huwashinda wengi: wenye viwanda vichache wanajuana, na kila mmoja ana mengi ya kupoteza, ilhali mlaji anayelipa senti chache zaidi kwa kila kilo hana sababu ya kufunga safari kwenda kumlalamikia waziri. Wachumi Grossman na Helpman waliongeza jambo zito zaidi mwaka 1995, kwamba kuziacha nje sekta zenye upinzani mkali huenda ndiko kunakouwezesha mkataba kupita. Nakubaliana nao, lakini kwa shingo upande, kwa sababu bidhaa inayopiganiwa iachwe nje mara nyingi ndiyo hasa ambayo jirani angeiuza kwa bei nafuu.

Ujanja mkubwa uko kwenye kuhesabu. Punda hai wana mstari wao wa forodha, yaani namba yao kwenye jedwali la ushuru, 0101.30, na sukari nyeupe huingia kwenye 1701.99; ukihesabu mistari, yote miwili ina uzito uleule. Eneo Huru la Biashara Barani Afrika linataka asilimia 90 ya mistari ifunguliwe, asilimia 7 iwe nyeti, yaani ifunguliwe polepole zaidi, na 3 iachwe nje kabisa. Asilimia 3 inasikika kama chembe, lakini katika mfumo wenye mistari zaidi ya 5,000 ni zaidi ya mistari 150, na nchi inayoagiza bidhaa za aina chache kutoka kwa majirani ingeweza kuifungia humo sehemu kubwa ya biashara hiyo. Ndiyo maana liliongezwa sharti kwamba thamani ya bidhaa hizo isizidi asilimia 10 ya zinazoagizwa kutoka ndani ya bara.

Kinachonisumbua ni muda ambao misamaha hii hudumu. Kanada iliyaacha maziwa na kuku nje ya ahadi zake za NAFTA, mkataba wa biashara huru kati yake, Marekani na Meksiko ulioanza mwaka 1994. Mkataba ulioirithi ulipoanza kutumika mwaka 2020, kilichoongezwa ni migao ya kuingiza kiasi fulani, na ushuru mkubwa juu ya kinachozidi mgao ukabaki palepale.