Siku moja maishani mwangu: kanga ya marehemu inapogeuka jalada

Saa 11:30 alfajiri. Watu wanatoka msikitini, Mikindani bado kuna giza, nami niko uani kwenye ndoo zangu tatu za kutengenezea karatasi za madaftari. Mbili zina karatasi za fotokopi ninazopewa na ofisi za mjini Mtwara. Nimezitoa pini na kuzichana vipande vidogo. Ya tatu ina mifuko ya saruji, imelowa tangu juzi. Kabla ya kuiloweka huikung'uta nje nikiwa nimejifunga kitambaa puani, maana lile vumbi linachoma ngozi na kifua. Mfuko wenye nailoni ndani siuchukui kabisa.

Wanaopita huniuliza mifuko ya saruji ya nini wakati karatasi nyeupe zipo. Nguvu iko humo. Karatasi ina nyuzi, na za mfuko wa saruji ni ndefu. Za fotokopi ni fupi, na kila karatasi inaporudishwa kuwa rojo zinazidi kufupika. Daftari la fotokopi tupu ukilikunja mara kumi linachanika kwenye mkunjo. Kwa hiyo ndoo mbili nyeupe kwa moja ya saruji. Magazeti nimeyaacha, yanageuka manjano upesi.

Saa 1 asubuhi mimi na mdogo wangu tunatwanga kwenye kinu. Blenda nilikuwa nayo ikaungua, na sijaijutia: blenda inakata nyuzi, mchi unazichambua. Nachukua kidonge cha rojo, nakitia kwenye glasi ya maji, natikisa. Maji yakiwa kama tui jepesi, tayari. Yakibaki na vidonge, turudi kinuni. Leo tumerudi mara mbili, halafu tukala ming'oko ya kuchemsha, mizizi pori ya huku kwetu, na chai.

Saa 3 naanza kuchota. Rojo lote liko kwenye beseni kubwa pamoja na uji mwembamba wa muhogo, ambao unasaidia wino usisambae. Fremu yangu ni ya mbao, imewambwa wavu wa dirisha. Naizamisha, naiinua ikiwa sawa, naitikisa kidogo mbele na nyuma maji yakichuruzika, kisha naigeuza juu ya kitambaa. Karatasi moja. Hadi saa 5 nina thelathini na mbili. Zinabanwa kwa jeki ya gari kutoa maji, halafu naanika barazani, kivulini. Kipindi hiki cha upepo wa kusi ukianika juani zinakauka upande mmoja na kujikunja kama samaki mkavu.

Saa 5 na robo akaja mama mmoja, mwalimu mstaafu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye unayeshona madaftari?"

Akafungua mfuko, akatoa kanga moja, nyekundu na nyeusi, imefuliwa mpaka imelainika. Ya mama yake, aliyefariki mwaka jana. Anataka daftari la kuandika majina ya ukoo ambayo marehemu alikuwa akiyataja jioni, kabla na yeye hajayasahau. Jina la kanga: NANI KAMA MAMA.

Hapo nikaweka kazi nyingine zote pembeni. Miaka ya mwanzo niliwahi kukata kanga ya mteja bila kufikiri, jalada likatoka na nusu ya neno. Alilipa, akashukuru, hakurudi tena. Kanga bila jina lake ni kitambaa tu, na nilijua siku ile ile kwamba nimekosea.

Nikapima kwa futi: maandishi yana sentimeta 39. Daftari langu la kawaida likifunguliwa jalada lake lina 31. Halitoshi. Nikamwonyesha njia nyingine: daftari la kulala, refu kwa upana, ambalo jalada lake lote ni sentimeta 43. Mgongo utaangukia kati ya KA na MA, hakuna herufi itakayokatwa. Likifungwa, mbele patasomeka nusu tu. Likifunguliwa na kulazwa kifudifudi, jina zima. Akalifikiria kwa muda, akasema, "Sawa, mwenyewe nitajua." Mkasi wa kwanza nikampa yeye. Kanga iliyobaki nikamkunjia arudi nayo.

Baada ya chakula, saa 8 mpaka saa 10, nimeshona. Karatasi za wiki iliyopita, nne nne kwa fungu, mafungu sita, kila moja limekunjwa na kulainishwa kwa mgongo wa kijiko. Matundu manne natoboa kwa msumari mwembamba, kisha sindano na uzi wa viatu niliousugua nta ya nyuki. Kila nikifika mwisho wa fungu napitisha uzi chini ya mshono wa fungu la chini, nakaza. Ukizidisha, uzi unakata karatasi. Ukilegeza, daftari linacheza. Nililifungua katikati nikaliacha mezani, likalala lenyewe bila kushikiliwa. Daftari lisilolala hivyo mimi siliuzi.

Saa 10 na nusu, jalada. Kwanza nikabana kitambaa cheupe chenye maji kwenye pembe ya kanga: rangi nyekundu ikatoka kidogo. Basi gundi ya muhogo nikaipika nzito, kanga nikaitia bitana ya karatasi nyembamba, nikapaka bitana tu na kadibodi, kanga yenyewe haikuguswa na brashi. Nikaivuta taratibu mpaka mstari wa maandishi ukawa sambamba na ukingo.

Saa 12 jioni daftari liko kati ya mbao mbili, juu yake mawe ya matumbawe. Litakaa humo hadi keshokutwa. Ulibaki ukanda wa pindo, mwembamba kama utepe. Niliushona mgongoni kabla ya kubana, uwe wa kuwekea alama alipoishia.