Nilivyorudishiwa mfupa wa taya baada ya ameloblastoma

Mimi nilipata uvimbe unaoitwa ameloblastoma kwenye taya la chini, sio kansa ila inakula mfupa taratibu na ikikwanguliwa tu mara nyingi inarudi, ndo maana walikata kipande cha taya pamoja na mfupa kidogo wenye afya pembeni wakaweka pleti ya titani. Pleti inashikilia uso usibonyee ila sio mfupa, miaka ikienda inaweza kukatika au kutokeza nje, kwahiyo tukasubiri mdomo upone kabisa ndani halafu oparesheni ya pili ya kuweka mfupa.

Hapo katikati ndugu mmoja akaniletea vidonge vya seli shina, yaani zile seli changa zinazoweza kugeuka mfupa, bei kali kweli. Daktari akaniambia seli shina ni kitu hai, haiwezi kukaa kwenye kopo miezi halafu uimeze ipite tumboni ifike tayani. Za kweli ninazo mwenyewe kwenye uboho, na huko ndo walikochota, mfupa laini wa ndani ya nyonga, wakaushindilia kwenye pengo wakipitia chini ya kidevu ili mate na bakteria wa mdomoni wasiuguse. Chembe za mfupa wa ng'ombe uliosafishwa nazo zipo, zinafaa pengo dogo kama la jino lililong'olewa, ila hazina seli, ni kama jukwaa la fundi, seli na mishipa ya damu lazima itoke kwako. Kule Kiel, Ujerumani, mwaka 2004 walivichanganya hivyo vyote, chembe za ng'ombe, uboho wa mgonjwa na protini ya kuotesha mfupa ndani ya wavu wa titani, wakamkuzia mtu taya kwenye msuli wa mgongo ndo wakalihamisha! Mimi pengo langu lilikuwa fupi, likizidi sentimita 6 hivi wengi wanachukua mfupa wa mguuni na mishipa yake.

Jamani nyonga iliniuma kuliko taya. Niliishi kwa uji na supu, nasukutua maji ya chumvi kila nikila, na sigara niliacha kabla ya kulazwa maana nikotini inabana mishipa midogo, kipandikizi kikikosa damu kinakufa. Ukiona usaha au homa usisubiri tarehe ya kliniki, nenda siku hiyo hiyo.

Eksirei za mwanzo ilionekana kama wingu tu, baadae likajaa na kingo zikashikana na taya. Sasa tunapanga meno ya bandia yanayofungwa kwa skrubu kwenye mfupa, na picha naendelea kupiga kila mwaka kwasababu huu uvimbe unaweza kurudi hata baada ya miaka 10.