"Ilianza lini, mama?": siku yangu moja kliniki ya afya ya akili, Dar es Salaam

Saa 11 alfajiri

Simu inaita na mimi bado nipo kitandani, Kimara. Ni mama wa Mbagala tuliyekutana naye mwezi uliopita kwenye semina ya viongozi wa mtaa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nisamehe kukuamsha. Kijana hajalala siku ya nne leo. Anaongea na redio iliyozimwa. Majirani wameshaleta kamba, wanasema tumfunge ndo tumlete."

Nikamwambia kamba irudi ilikotoka. Watu wapungue mlangoni, abaki mmoja anayemsikiliza. Yupo? Yupo mjomba wake. Basi mjomba ndiye azungumze naye, taratibu, wala asibishane naye juu ya anachosikia. Amwambie tu, "Najua hujalala na unaogopa, twende wote hospitali." Waje na bajaji, wasije na difenda. Mtu anayeamini kwamba dunia nzima inamwinda, ukimjia na kamba umempa ushahidi.

Saa 12 na nusu

Mwendokasi umejaa. Nje ya kituo kuna mwanamume amesimama na nguo zilizochanika, anahutubia magari. Abiria mmoja kacheka: "Huyo wa Mirembe kabisa." Wenzake nao wakacheka. Mirembe ni hospitali, ipo Dodoma tangu 1927, na watu wametoka pale wazima wakarudi kazini na kwa watoto wao. Lakini jina lake tumelifanya tusi la kutaniana kijiweni. Mama mwenye kijana mgonjwa yumo humohumo ndani ya basi, analisikia, na siku dalili zikianza nyumbani kwake atafunga mlango majirani wasijue. Hiyo miezi ya mlango kufungwa ndiyo ninayoifanyia utafiti.

Saa 2 asubuhi

Kliniki. Leo ni siku ya sindano ya mwezi, benchi limejaa kabla sijavaa koti. Wa kwanza ni fundi cherehani wa Manzese, ana skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie sauti ambazo wengine hawazisikii, mwaka wa tisa sasa, na sauti zimenyamaza muda mrefu. Tunasalimiana, ananionyesha picha ya sare za shule alizoshona. Napima presha, sukari, mzunguko wa kiuno. Sukari imepanda.

Hapa huwa sipiti haraka. Wenye magonjwa makali ya akili hufariki miaka 10 hadi 20 mapema kuliko watu wengine, na sehemu kubwa ya vifo hivyo ni moyo, kisukari na maambukizi yanayotibika. Baadhi ya dawa zetu zenyewe huongeza uzito na sukari. Halafu mgonjwa akienda kwingine kulalamika kifua kinabana, mtu akisoma kwenye faili "skizofrenia" anaona kifua nacho ni mawazo tu. Nimeandika barua ya rufaa kwa mkono wangu, nikampigia daktari wa kisukari nikiwa bado namtazama fundi usoni. Akija kesho asirudishwe.

Saa 4 asubuhi

Wamefika. Mama, mjomba, na kijana katikati, miaka 21, kavaa sweta kwenye joto hili. Kwenye vifundo vya mikono ana makovu ya zamani ya kamba. Namsalimia yeye kwanza, kwa jina lake, kabla ya wakubwa zake. Kanitazama kama mtu aliyesikia kitu asichokitarajia.

Nilimsikiliza, nikampima malaria na sukari, nikauliza kuhusu bangi, homa, kifafa na kuanguka, kwa sababu si kila anayechanganyikiwa ana ugonjwa wa akili. Alipopata dawa na kitanda cha kupumzikia, nikamweleza mama kuhusu utafiti, kibali chake na haki yake ya kukataa. Kijana mwenyewe nitamuuliza akishatulia. Asipotaka, karatasi yake naichana. Mama akakubali. Ndipo nikauliza swali langu la kila siku.

"Ilianza lini, mama?"

"Kama miezi miwili."

Karibu kila familia hujibu hivyo, na si uongo. Miezi miwili ndipo ilipowashinda. Ukitaka mwanzo wenyewe, tarehe hazikusaidii, unatafuta matukio. Nina kalenda niliyoichora kwa kalamu, nayo imejaa misiba, mafuriko na mpira.

"Msiba wa Rais Magufuli, Machi 2021, alikuwaje?"

"Mzima kabisa. Tulikaa wote kwenye televisheni."

"Maporomoko ya Hanang, Desemba 2023?"

Kanyamaza. "Hapo alikuwa hataki kula nilichopika mimi. Anajipikia. Nikajua ukubwa."

"AFCON ya Ivory Coast, Januari ile, Stars ikicheza?"

Mama akashika mdomo. "Hakutoka chumbani. Mtu wa mpira yule, dokta! Hakutoka hata mechi moja."

Mjomba akadakia kwamba hata kabla ya Hanang kijana alishabandika karatasi kwenye matundu yote ya dirisha. Tukarudi nyuma taratibu. Miezi miwili ikawa miezi 21.

Katika miezi hiyo wamekwenda kwa mganga wa kwanza, wa pili, kambi ya maombi ambako ndiko alikofungwa, duka la dawa, na zahanati moja. Huko zahanati alichomwa haloperidoli, dawa ya kutuliza ugonjwa wa akili. Usiku uleule shingo ikapinda, macho yakageuka juu, ulimi ukatoka. Majirani wakasema jini linapigana na dawa. Mama hakurudi tena hospitali yoyote mpaka leo.

Lile halikuwa jini. Ni misuli kukaza, athari inayojulikana ya dawa ile, huwapata zaidi vijana wa kiume, na ina dawa yake inayoilegeza kwa dakika chache ikichomwa. Ilitakiwa sentensi moja tu: "Shingo ikikaza, mrudisheni hapa, inatibika." Hakuna aliyeisema. Nami siwezi kunyoosha kidole kwa raha, maana nilipokuwa daktari mpya nilimwandikia binti mmoja dawa hiyohiyo bila kuisema sentensi hiyo, na sikumwona tena. Leo nimeisema mara tatu, mama na mjomba wakairudia kwa maneno yao.

Ugonjwa wa aina hii ukikaa muda mrefu bila tiba, nafuu huwa ngumu zaidi kuja. Hilo limeonekana katika nchi nyingi. Ila nikisikia mtu anasema familia zetu huchelewa kwa uzembe, damu inachemka. Mama huyu ameuza cherehani na kiwanja. Tangu alipojua ni ugonjwa, hakukaa hata mwezi mmoja bila kumtafutia mwanawe tiba. Alizungushwa tu.

Saa 7 mchana

Wali maharage kwa mama ntilie, nusu sahani, nimeitwa.

Saa 8 mchana

Kikao na mawakili kuhusu kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu, kinachofanya kujaribu kujiua kuwa kosa. Katika watu wenye skizofrenia, karibu 5 kwa kila 100 hufa kwa kujiua. Wanaonusurika wanaletwa na ndugu wanaosema "alikunywa kwa bahati mbaya", kwa hofu ya polisi, na mimi natibu sumu bila kuambiwa kilichomfikisha hapo. Ghana iliondoa kosa hilo 2023. Kwa majirani zetu Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu chao kinapingana na Katiba. Tumesoma hoja zao, tumeandika zetu kurasa nne. Nimeomba iongezwe hoja moja: kosa hili linaficha wagonjwa.

Saa 11 jioni

Ofisi ya serikali ya mtaa. Wajumbe, bodaboda, sheikh, mchungaji, na mganga mmoja mzee. Sikuja kumwambia mganga aache kazi. Watu wataendelea kwenda kwake kabla yangu. Nilimwomba mambo mawili. Asifunge mtu, na anayekosa usingizi siku tatu huku anasikia sauti aletwe kwetu, hata kama dawa zake zitaendelea. Mzee kafikiri, kisha: "Na wewe ukimponya, umwambie ni mimi niliyemleta." Nikamwambia nitasema. Tukapeana mikono.

Saa 3 usiku

Nyumbani, watoto wamelala. Nafungua fomu za leo kuziingiza kwenye kompyuta. Muuguzi wa zamu ametuma ujumbe: kijana amekula uji wote, uliopikwa na mama yake.

Karatasi yake nimeiweka pembeni, haijaingizwa, inamsubiri mwenyewe aseme ndiyo au hapana. Pale palipoandikwa "tiba aliyoendelea nayo, tarehe ya kwanza", nimeacha wazi. Ya leo ni dozi moja. Nitapajaza akirudi Jumatatu.