Siku yangu moja ya Novemba, na vuli mbili

Saa 11 alfajiri. Giza totoro, hita haijawaka, mimi nipo jikoni na laptopu, khanga kichwani na blanketi juu. Hii ndo saa yangu ya kuandika, sina nyingine, ikipita imepita. Sasa mwisho wa Oktoba hapa Uingereza saa zinarudishwa nyuma, na mama yangu kule Muheza, Tanga, hana habari na mambo hayo, yeye akimaliza chai yake saa 2 asubuhi anapiga. Zamani simu ilinikuta saa 12 nshamaliza ukurasa, siku hizi inanikuta ndo kwanza nafungua faili.

Leo nikasema basi, shikamoo mama, kaa nikusomee. Hadithi yenyewe iko huko huko kwetu, sura ya 7 kuna mwanamke anavuna mahindi wakati wa vuli, majani makavu yanapukutika, nimeipamba haswa. Mama kimya. Halafu akasema, "We mwanangu, Novemba nani anavuna? Vuli ndo tunapanda, shamba zima tope. Hayo majani makavu umeyatoa wapi?"

Nimeyatoa dirishani jamani! Miaka 11 nipo Reading, na tatizo ni hili neno, msimu huu wa huku nao kwa Kiswahili tunauita vuli, nje hapa miti imebaki mifupa, wakati vuli ya kwetu nyasi zinakufuata mpaka mlangoni. Nimechanganya bila kujua, yani ningeichapisha hivyo ningechekwa Tanga nzima.

Saa 1 na nusu watoto, uji, glavu moja haionekani. Nikaingiza mkono kwenye koti la mdogo nikakuta mbegu sita za miti ya huku, za kahawia, zinang'aa kama zimepakwa mafuta. Yeye anaziita komwe, babu yake alimfundisha bao tulipoenda likizo. Wiki iliyopita zilibaki mfukoni zikaingia kwenye mashine ya kufulia, ikawa inagonga kama kuna mtu anataka kufunguliwa.

Saa 3 na nusu mpaka saa 8 na nusu nipo kazini, nyumba ya wazee. Hapo hakuna fasihi, ni kuogesha, kulisha, kubadilisha shuka. Ila kwenye mapumziko nilichukua risiti nikaandika nyuma yake: tope kwenye vidole, jembe zito, mbegu kwenye kibuyu. Nikakwama hapo, harufu ya mvua ya kwanza haikuja kabisa maana sabuni ya kazini imejaa puani.

Kuwachukua watoto shule, majani yameloa njia nzima, yanateleza kuliko ganda la ndizi. Saa 10 na nusu jioni jua lishazama, hii sijaizoea mpaka leo, unapika ugali wa usiku na mwili unasema bado mchana.

Saa 1 usiku milio ikaanza. Ni tarehe 5, wanakumbuka watu waliotaka kulipua bunge lao mwaka 1605, basi kila mwaka anga linawaka. Watoto wote wapo dirishani. Mama akapiga tena, kwao saa 4 usiku, nikashtuka nikajua kuna msiba, kumbe kakumbuka kitu.

"Mwambie huyo mwanamke wako wa kitabuni asipande mahindi matupu, achanganye na kunde. Na hiyo milio ya nini?"

"Fataki hizo mama."

"Eeh! Mafataki huko nako wapo? Funga mlango, binti yako anakua huyo."

Kwetu fataki ni pia mwanaume mzima anayewinda mabinti wadogo. Nilicheka mpaka baba watoto, aliyekuwa anavaa aende shifti ya usiku, akaja kuuliza kuna nini.

Saa 4 watoto wamelala. Nikafuta mavuno yote, kurasa tatu, iliuma. Nikaanza na tope. Na kunde nimeweka.