Besi isiyoitikia

Jumapili, saa nne usiku.

Mzee aliyenifundisha gita zito, yaani besi, mstaafu wa bendi ya dansi, alikuwa na sheria moja tu: besi haianzishi maneno, inaitikia. Ngoma ikikanyaga hapa, nawe kanyaga hapahapa. Ukijitia msemaji, wachezaji watajikwaa. Nimeishi na sheria hiyo miaka kumi na moja kwenye kwaya yetu, na sijawahi kulalamikiwa. Sasa wiki mbili hizi kuna Mmarekani mmoja, tena marehemu, ananivuruga.

Ni Phil Lesh wa Grateful Dead, ile bendi ya roki ya saikedeliki, roki ya kama njozi, kutoka upande wa San Francisco. Alifariki tarehe 25 Oktoba 2024, akiwa na miaka 84. Mara ya kwanza kumsikiliza nilikasirika. Wimbo mmoja dakika ishirini na ushei, na besi inazurura humo kama mbuzi aliyekata kamba: inapanda, inashuka, inamdakia mpiga solo maneno, halafu inanyamaza palepale ambapo mimi ningekanyaga kwa nguvu zote. Nikazima. Kesho yake nikawasha tena. Sijui kwa nini, labda hasira.

Nilipomsoma nikaanza kumwelewa. Huyu hakuzaliwa na besi mkononi. Alizaliwa Berkeley, California, mwaka 1940, akaanza na fidla, akahamia kwenye tarumbeta, kisha akasomea utunzi kwa Mwitaliano Luciano Berio pale Mills College, pamoja na Steve Reich, naye baadaye mtunzi mashuhuri. Ule muziki wa wasomi, ambao hata wanaoupenda huusikiliza wamekunja uso. Baada ya hapo? Dereva wa gari la posta. Mwaka 1965 rafiki yake Jerry Garcia akamwita ajiunge na bendi yake, wakati huo ikiitwa Warlocks, apige besi. Lesh alikuwa hajawahi kupiga besi. Hata siku moja! Garcia akamwonyesha nyuzi zilivyo, na muda si mrefu walikuwa wote jukwaani.

Kumbe hakuna mzee aliyemwekea sheria. Kichwani alikuwa na Bach, yule mtunzi wa kale wa Kijerumani, sauti mbili tatu zinazotembea kila moja na njia yake lakini hazigombani, akaishika besi kana kwamba nayo ni mojawapo ya sauti hizo. Tena mazingira yalimruhusu. Bendi ilikulia kwenye sherehe za mwandishi Ken Kesey, siku ambazo LSD, dawa ya kumwonyesha mtu maruweruwe, ilikuwa bado halali California (waliipiga marufuku Oktoba 1966), na humo hakuna aliyewadai wimbo wenye kichwa na miguu. Wakitaka wanapiga, wasipotaka wanaacha. Siitetei ile dawa, na mama akisoma hapa asije akanipigia simu. Nasema tu kwamba ninausikia ule uhuru, hata kwa mtu kama mimi ambaye ulevi wangu ni chai ya tangawizi.

Mwaka 1974 walijenga ukuta wa spika wa tani zipatazo 75, na besi ya Lesh ikaweza kutoa kila uzi kwenye spika zake pekee. Uzi mmoja, spika zake! Kwetu besi na kinanda vinagombania spika moja, na kinanda ndicho hushinda.

Lakini kilichonishika ni sauti yake, si vidole. Baba yake alipokuwa anakufa kwa saratani, Lesh alitunga wimbo awe na kitu cha kumwimbia, na Robert Hunter akaupa maneno. Ukatoka mwaka 1970, yeye mwenyewe akiuimba. Si mwimbaji mkubwa, tuseme kweli. Ndio huo pia uliofunga onyesho la mwisho la Grateful Dead, Chicago, Julai 1995. Mwezi mmoja baadaye Garcia akafariki.

Desemba 1998 zamu ikaelekea kumfika naye. Homa ya ini aina ya C ilikuwa imemmaliza, akapandikizwa ini la kijana aliyefariki. Tangu hapo, karibu kila onyesho, kabla ya wimbo wa mwisho, alisimama mbele ya maikrofoni akawasimulia watu habari za kijana yule, akiwaomba wageukiane na kuambiana kwamba wakifa viungo vyao vipewe wengine. Usiku baada ya usiku, mwaka baada ya mwaka, karibu maneno yaleyale. Kwenye rekodi nilikuwa nayaruka ili niufikie wimbo. Jana niliyaacha yaende. Hayana madoido wala mbwembwe, kama padri anayesoma matangazo ya ndoa. Mtu aliyeishi kwa kutorudia kitu mara mbili, hapo anarudia.

Leo mazoezini tulikuwa kwenye ule wimbo wa kutoa sadaka, ambao ningeweza kuupiga nikiwa nimelala. Ubeti wa tatu nikaacha kukanyaga, nikapanda juu kidogo, nikatembea na sauti ya pili badala ya ngoma. Vipimo vinne tu. Mpiga ngoma akanigeukia macho yamemtoka. Mwalimu wa kwaya akasimamisha wimbo, akauliza nani amepotea.

Nikanyoosha mkono.