Niliikata barua ya MBA kwa mkasi wa jikoni

Barua ya kukubaliwa kusoma MBA, masta ya biashara, ilikuwa na kurasa 4, karatasi nzito, ile isiyopenya wino, imechapwa upande mmoja tu. Ilikaa kwenye droo miezi miwili. Siku ya tatu baada ya Idi nikaitoa, nikakata kila ukurasa vipande 8, nikapata kadi 32. Upande mtupu nikaanza kuandika Kiitaliano. Kadi iliyobeba karo, laki tano na themanini kwa miaka miwili, nyuma yake ina neno sconto, yaani punguzo. Sikupanga, ndiyo kadi iliyokuja mkononi.

Mama alikuwa mlangoni na upawa.

"Hiyo si barua ya chuo?"

"Ndiyo, mama."

"Mungu kakupa mlango, wewe waufanya kuni?"

Hakusema nami mpaka magharibi. Nilimwelewa. Alikuwa ameshawatangazia Shela nzima (Shela yetu ya Malindi, si ile ya Lamu) kwamba mwanawe anaanza masta Mombasa, kila Jumamosi, kilomita 120 kwenda na 120 kurudi.

Kazi yangu ni hesabu. Nashika vitabu vya majumba sita ya makuti upande wa Casuarina, karibu yote ya Waitaliano wanaokuja Agosti na Desemba. Nina CPA, cheti cha uhasibu, nina miaka saba kazini, na kwa miaka yote hiyo Kiitaliano changu kiliishia ciao na grazie. Niseme ukweli: nilikidharau. Kwangu kilikuwa lugha ya vijana wa ufukweni. Ami yangu anaendesha tuktuk, hakumaliza darasa la sita, na anakimwaga kama maji: "Io portare te Gede, duemila, andata e ritorno," yaani mimi kupeleka wewe Gede, elfu mbili, kwenda na kurudi. Vitenzi vimelala, hajaamsha hata kimoja, na Mwitaliano anapanda.

Kilichonibadilisha ni paa. Wenye nyumba walikaa barazani na fundi kujadili makuti mapya. Makadirio niliyaandika mimi, faili liko mapajani mwangu. Wakazungumza saa nzima. Mara mbili nilisikia jina langu. Mwishowe yule meneja aliyekuwa akitafsiri akanigeukia: "Wamekubali." Saa nzima ya maneno, mimi nikapewa neno moja. Nikaagiza makuti ya paa zima. Kumbe walikubali upande wa baharini tu, ule mwingine usubiri mwakani. Nusu ya mzigo ikakaa uani ikiliwa na mchwa, na lawama ikapata mwenyewe.

Barua ya chuo ikaja wiki ileile. Nikapitia orodha ya masomo: mkakati, uongozi, tabia za watu kazini, masoko. Sina ubaya nayo hata moja. Ila nilijiuliza lipi kati ya hayo lingeniambia, siku ile barazani, kwamba ni upande mmoja.

Mwalimu nilimpata nyumba ya tatu kutoka kwetu. Ni mzee aliyeosha vyombo jikoni kwenye kambi ya San Marco kule Ngomeni, Waitaliano walikokuwa wakirusha roketi kutoka jukwaa la baharini tangu 1967 hadi 1988. Anapenda kusimulia ile ya tarehe 12 Desemba 1970: nchi yote iko kwenye Jamhuri, yeye amesimama nje na sufuria mkononi, moto unapanda juu ya maji, na setilaiti ikapewa jina la Uhuru. Malipo yake ni mahamri ya Ijumaa. Nikimpa shikamoo ananiitikia marahaba, kisha papo hapo: "Allora?" Hapo Kiswahili kimefungwa mpaka chai iishe. Kiitaliano chake ni cha jikoni na cha zamani, matusi amehifadhi mengi kuliko nyakati za vitenzi, lakini sikio lake ni la dhahabu.

Mengine nilijipangia. Kitabu cha sarufi cha mtumba, shilingi 400. Bando la usiku, nasikiliza Rai Radio 1 huku nakunja nguo. Na zile kadi nikaziweka kwenye boksi la viatu lenye vyumba vitano: neno ukilipata linasogea nyuma, likae zaidi kabla hujaliona tena, ukilikosa linarudi mbele kabisa. Mpango huo uliletwa na Mjerumani, Sebastian Leitner, mwaka 1972. Nimeshangaa jinsi boksi la viatu lilivyo kali kuliko mwalimu. Halikuonei wala halikupendelei.

Nilidhani nitateseka, na mengi yakaja yenyewe. Wamarekani wanaofundisha mabalozi wao hukadiria Kiitaliano kwa wiki 24 hadi 30 za darasani, na Kiswahili kama 36. Basi sisi tulioamka na Kiswahili tumeshabeba kilicho kizito! Mimi huko shuleni niliteswa na Kiingereza, kila sentensi lazima utangulize "mimi" kama mtu aombaye kura. Mwitaliano anasema parlo, imekwisha, kama sisi na "nasema". Jina likibadilika, sifa nayo inafuata: vitabu vizuri, libri belli. Anayejua ngeli hawezi kutishwa na jike na dume. Halafu kuna mabaki ya Wareno. Vasco da Gama alifika hapa 1498, wenzake wakaja wakakaa, wakaondoka, wakatuachia meza, bendera, kasha na mvinyo. Kireno na Kiitaliano ni ndugu wa damu, kwa hiyo bandiera na vino nilivikuta vinanisubiri.

Hayo ndiyo yaliyonitia kiburi, na kiburi kikanifikisha kwenye jambo ambalo hata leo likinijia usiku najifunika shuka.

Mwezi wa tano hivi wa kujifunza, mmoja wa wenye nyumba alipiga simu kutoka Italia. Siku hizo nilikuwa najibu mwenyewe, meneja simpi simu. Kwenye sanduku la pesa ndogondogo kulikuwa na upungufu, nami nikasema kwa sauti ya mtu aliyehitimu: "Mancano dodicimila scellini in casa." Kimya. Kisha maswali ya mbio, sikuyadaka yote. Baada ya dakika kumi simu ya askari wa getini inalia, anaulizwa nani aliingia chumbani. Dada anayesafisha akaitwa, akaanza kulia kabla hajaambiwa kitu, maana anajua kazi ya nyumba za watu ikipotea pesa humwangukia nani.

Nilitaka kusema cassa, sanduku la fedha. Nilisema casa, nyumba. Kwa hiyo nilichomwambia ni kwamba elfu kumi na mbili hazionekani nyumbani kwake. Na pesa zenyewe hazikuibwa, ilikuwa risiti ya dawa ya bwawa ambayo mimi sikuiandika.

Nilipiga tena, nikafafanua kwa Kiitaliano kilichovunjika, kisha nikaenda kumwomba dada yule radhi mbele ya wote waliomwona analia. Alisema yameisha. Wiki nzima hakunitazama usoni.

Mzee nilipomsimulia hakucheka. Akaniuliza, "Wewe ulisoma chuo?"

Nikajua ananichoma kwa ile barua. Nikasema la, nilikataa.

"Chuo cha mwalimu, mwanangu. Cha Kurani."

"Huko nilisoma."

"Inna ukiisoma ina, mwalimu alikufanyaje?"

"Alinichapa."

"Basi hiyo ni shadda, herufi kutamkwa mara mbili. Cassa ina shadda. Kaa juu ya herufi, usiirukie."

Miezi mitano ya kitabu na redio, na dawa yake nilikuwa nayo tangu nina miaka sita, niko juu ya mkeka. Tangu siku hiyo kila kadi yenye herufi mbili naiwekea alama ya shadda kwa kalamu nyekundu. Mtu akizikuta hizo kadi zangu, Kiingereza mbele, Kiitaliano nyuma, Kiarabu juu, atadhani ni hirizi.

Kadiri ninavyosonga ndivyo ninavyocheka peke yangu ofisini. Elimu niliyokuwa niifuate Mombasa imejaa maneno ya hawa watu. Benki ni banca. Kuandika kila hesabu mara mbili, kutoa na kuingia, kulichapwa Venezia mwaka 1494 na mtawa mmoja, Luca Pacioli, miaka minne kabla ya Wareno kutia nanga hapa kwetu. Nimeifanya kazi hiyo miaka saba bila kujua wenyewe waiitaje. Partita doppia.

Nisiwadanganye kwamba sikupoteza kitu. Mwaka jana nafasi ya umeneja ilitangazwa, tangazo likataka shahada ya uzamili, akaipata mwenzangu aliyeivumilia njia ya Mombasa. Anaistahili. Cheti cha Kiitaliano nacho sina. Mtihani upo, Siena wana CILS, Perugia wana CELI, labda nitaufanya. Kwa sasa, wakikaa barazani nakaa nao, na makadirio ya fundi nayasoma kwa sauti mwenyewe, preventivo, acconto, saldo, yaani makadirio, malipo ya awali, salio. Paa la upande wa pili lilimalizwa Novemba. Hesabu ya makuti ilikuwa sawasawa.

Juzi mwenye nyumba mmoja, mama wa makamo, alipita kwetu kutoa pole ya msiba wa shangazi. Mama akamletea chai na viazi karai. Yule mama akaniuliza kama ningependa kwenda Italia siku moja kusoma. Nikashusha pumzi nikamjibu kama wanavyojibu wao, neno lao la "laiti" na "huenda" kwa pamoja: "Magari!"

Mama akaweka birika chini, akachungulia dirishani.

"Magari gani? Kuna watu wengine waja?"